Zimwi la Irondo na Jibu la Tatu

Ngano!

— Ije kwa miguu yake!

Inatoka wapi?

— Mdomoni mwa bibi!

Inakwenda wapi?

— Masikioni mwa mjukuu!

Na ikisinzia njiani?

— Tutaiamsha!

Haya, sogeeni. Kila mtu na ungo wake, kila mtu na maharage yake. Mikono ipukuchue, masikio yasikie. Najua jua bado liko juu, na mmeambiwa anayesimulia ngano mchana huota pembe. Mimi nasimulia mchana tangu nina meno yote. Nipapaseni kichwa. Kuna pembe? Hakuna. Mbonea, acha kumfinya mwenzio, au nitaanza upya.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi yangu, huku huku milimani Upare, palikuwa na kijiji kikiitwa Mwaniko. Juu ya kijiji, msitu wa Irondo. Chini ya msitu, ndiva. Chini ya ndiva, mashamba. Msitu, ndiva, mashamba. Yashikeni hayo matatu, nikiyachanganya mnirekebishe.

Ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Jioni linazibwa, kijito kinalijaza usiku kucha. Asubuhi linazibuliwa, maji yanashuka kwa mifereji, leo kwako, kesho kwangu. Na ukuta wa ndiva ya Mwaniko mwanamke hakuukanyaga. Kubeba mawe ya kuujenga, ruhusa. Kukanda udongo wa kuuziba, ruhusa. Kupanda juu yake akayatazama maji, mwiko. Msinicheke mimi. Wachekeni wao.

Sasa, watoto wa Mwaniko walikuwa na ngano yao, na ngano hiyo ilikuwa na mchezo wake. Ngano ilisema hivi: ndani ya Irondo linakaa zimwi, zimwi jike, lenye nywele ndefu na tumbo kubwa. Zimwi hilo limeyaficha maji yote ya mlima, na pamoja na maji limemficha Binti Maji, msichana mzuri asiyesema neno. Akaja Shujaa na shoka. Akauliza maswali matatu. Zimwi likajibu majibu matatu. Kwenye jibu la tatu likakiri kwamba limeficha maji, na hapo Shujaa akalikata. Maji yakatoka, Binti Maji akatoka, Shujaa akapewa vyote viwili.

Watoto walicheza hivyo kila jioni penye uwanja wa kupuria maharage. Mmoja Shujaa, na kijiti mkononi. Mmoja Binti Maji, ameketi ndani ya tenga, kimya. Mmoja Zimwi, nyuma ya kichaka. Na mchezo ulikuwa na sheria moja tu, sheria ngumu kuliko zote: Shujaa haruhusiwi kupiga mpaka jibu la tatu lisemwe. Atakayesema "Nimeficha maji," huyo ndiye wa kukimbizwa na kupigwa. Ukipiga kabla, umeharibu mchezo, unazomewa mpaka mlangoni kwenu. Mmeishika sheria hiyo? Isemeni.

— Atakayesema "Nimeficha maji," ndiye wa kupigwa!

Vizuri. Msiiache idondoke.

Paliondokea basi msichana mmoja, jina lake Nakijwa, binti wa Kajiru. Nakijwa alikuwa mrefu. Nakijwa alikuwa na miguu mikubwa. Na sauti! Akimwita mbuzi, mbuzi wa kijiji cha pili wanaitika. Alipokuwa mdogo alitaka sana kuwa Binti Maji. Wenzake wakamwambia, "Wewe? Tenga litapasuka. Halafu Binti Maji hasemi, na wewe huwezi kunyamaza." Wakamsukuma nyuma ya kichaka. Zimwi. Kesho yake Zimwi. Keshokutwa Zimwi.

Siku ya kwanza alirudi nyumbani analia. Bibi yake, Bibi Namkunda, alikuwa anapukuchua maharage kama ninyi hivi, ila yeye alikuwa hafinyi watu.

"Unalia nini, mjukuu wangu?"

"Wamenifanya Zimwi, Bibi."

"Binti Maji ana maneno mangapi kwenye mchezo?"

Nakijwa akafikiri. "Hana hata moja."

"Na Zimwi?"

"Zimwi anajibu maswali yote."

"Basi nenda kajibu," Bibi akasema. "Na ujibu kwa sauti, maana mimi nasikia kwa shida."

Tangu siku hiyo Nakijwa hakulia. Akawa Zimwi wa Mwaniko, na hakuna aliyemfikia. Watoto wadogo walikuwa wanatetemeka, wakubwa walikuwa wanajificha, na mama zao wanatoka majikoni kuja kusikiliza. Wakaja wengine wakajaribu, wakashindwa. Nami nawaambia mapema, mpate kujua mnasikiliza ngano ya nani: huyo ndiye ninayejivunia. Akina Shujaa wa siku zile siwajui hata majina.

Wakakua. Nakijwa akawa msichana wa kuolewa. Na mwaka huo mvua za vuli hazikuja.

Wakangoja. Hazikuja. Wakaangalia mbinguni. Hazikuja. Wakachinja kondoo. Hazikuja. Ndiva ikapungua ikawa magotini, ikapungua ikawa kifundoni, ikapungua ikawa tope. Kila asubuhi ukungu ulikuwa unashuka juu ya Irondo na kupanda tena, na shambani haukudondosha hata tone.

Jumbe wa Mwaniko aliitwa Sangiwa. Alikuwa na ndevu nzuri sana, ndevu za kuchana kwa kitana. Mwaka uliopita Jumbe Sangiwa alikuwa amekata kipande cha chini cha Irondo, pale palipokuwa na chemchemi ndogo, akapanda mahindi yake. Chemchemi ikakauka. Lakini hilo halikusemwa. Nani aseme? Wewe ungesema? Nyamaza, usingesema.

Jumbe akapiga baragumu. Watu wakakusanyika.

"Watu wangu," akasema, "tumefika pabaya. Lakini dawa tunayo, tumekua nayo. Nani aliyeficha maji ya mlima huu?"

Wakatazamana. Kisha mzee mmoja, mzee mzima mwenye wajukuu, akasema kwa sauti ndogo, "Zimwi la Irondo."

"Nani?"

"Zimwi la Irondo!" wakasema wote.

Usicheke, Mbonea. Walikuwa watu wazima, lakini ngano hiyo walikuwa wameila pamoja na uji. Hakuna hata mmoja kati ya wanaume wale aliyekuwa amewahi kuingia Irondo ya juu. Waliogopa tangu utotoni, wakazeeka na woga wao. Wake zao ndio walioingia. Waliingia kuokota kuni zilizoanguka, kuchuma uyoga, kutafuta majani ya kutibu tumbo la mtoto. Walitoka na mizigo vichwani, wakapita mbele ya waume zao, wakapika, wakapakua. Na hakuna mume aliyeuliza, "Mke wangu, huko juu kukoje?"

"Kesho asubuhi tunapanda," Jumbe akasema. "Tutafuata ngano ilivyo. Tutauliza mara tatu. Likikiri, tunakata, tunaanza na mti ule mkubwa wa mbele, halafu wote. Na ngano ina zawadi. Shujaa alipewa Binti Maji. Senkondo!"

Senkondo akasimama. Kijana mwenye mabega, mwenye shoka, mwenye haya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutumwa.

"Ukiangusha mti wa kwanza, nakupa binti wa Kajiru. Nakijwa. Yule mwenye sauti. Kwa siku moja tutanyamazisha wawili, zimwi msituni na sauti hiyo kijijini!"

Wanaume wakacheka. Kajiru, baba wa binti, hakucheka, lakini hakukataa. Alitazama chini akakubali shingo upande, kwa kuwa Jumbe ni Jumbe.

Basi mnaona? Mti ukianguka, maji yamekwisha. Mti ukianguka, na Nakijwa amekwisha. Shoka moja, kazi mbili.

Nakijwa alikuwa amesimama nyuma, na wanawake. Hakusema neno. Jumbe akadhani ameanza kunyamaza mapema. Loo!

Alikwenda moja kwa moja kwa Bibi Namkunda. Akamkuta mlangoni, ungo mapajani.

"Bibi, mmetufundisha nini? Ngano hiyo ninyi ndio mliotusimulia. Ninyi akina bibi, jikoni, kila siku."

Mikono ya Bibi Namkunda ikasimama. Ilikuwa haijawahi kusimama.

"Kweli," akasema. "Zimwi tulilitaja sisi. Tulitaka watoto wasiende kupotea huko juu, na wenye mashoka wapaogope. Lilikuwa zimwi la kulinda. Huyo Shujaa na kukata kwake aliongezwa baadaye, na sisi tukamsimulia tu, kwa kuwa watoto walimpenda. Tulikosea, mjukuu wangu. Uchungu wake nausikia leo."

Kisha Bibi akauliza, "Zimwi wa kijiji hiki ni nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Basi Zimwi anafanya nini huku chini? Aende kwake. Wageni wanakuja asubuhi."

Nakijwa akacheka mpaka kuku wakaruka. Bibi akamfungia magimbi ya kuchoma kwenye jani la mgomba, akampa kibuyu, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Nakijwa akapanda Irondo kwa njia ya kuni.

Ngano iko wapi?

— Iko njiani!

Asubuhi ya kwanza wakapanda. Jumbe mbele, Senkondo na shoka, wanaume wote nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka, mzito, mweupe, huoni mkono wako. Wakasimama penye ukingo wa msitu, mbele ya mti ule mkubwa. Senkondo akauliza kama walivyouliza utotoni:

"Zimwi la Irondo, umekula nini?"

Ikatoka sauti. Jamani! Nakijwa alikuwa ameokota mzinga wa nyuki mtupu, gogo lenye uwazi ndani, akauweka mdomoni. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ya kuita mbuzi wa kijiji cha pili. Ndani ya mzinga ikawa ya kuita tembo.

"Nimekula mawingu, na tumbo bado jepesi!"

Wanaume wakarudi nyuma, wakakanyagana.

"Zimwi la Irondo, umelala wapi?"

"Nimelala juu ya jiwe, na mgongo umelowa!"

Senkondo akainua shoka. Limebaki swali moja. Limebaki jibu moja. Nakijwa naye, huko ndani, ameshika mzinga mikononi. Jibu la tatu alikuwa amelisema tangu utotoni, kila jioni, akapigwa kwa vijiti kila jioni. Lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi.

"Zimwi la Irondo, umeficha nini?"

Nakijwa akalimeza. Akasema jibu ambalo hakuna mtoto wa Mwaniko aliyewahi kulisikia.

"Njoo uone!"

Shoka likabaki juu. Senkondo akamtazama Jumbe. Jumbe akatazama msitu.

"Kata!" Jumbe akasema.

"Halijakiri, Jumbe."

"Kata tu!"

"Jumbe, halijasema 'nimeficha maji'. Nikipiga sasa nimeharibu." Na wazee wote nyuma yake wakaitikia: kweli, atakuwa ameharibu. "Hata wewe Jumbe ulisema tufuate ngano ilivyo," wakasema.

"Basi ingia ukaone!"

Senkondo akautazama ukungu. Akalitazama giza la miti. "Mguu umeniteguka," akasema. Wakarudi.

Asubuhi ya pili wakapanda na ngoma. Wakapiga, wakapiga, wakapiga. Senkondo akauliza, anachechemea kwa mguu usiouma.

"Umekula nini?"

"Nimekula mawingu, na tumbo bado jepesi!"

"Umelala wapi?"

"Nimelala juu ya jiwe, na mgongo umelowa!"

"Umeficha nini?"

Semeni ninyi.

— Njoo uone!

Shoka likabaki juu. Nani aingie? Huyu ana mguu. Huyu ana kikohozi. Huyu mke wake kajifungua. Wakarudi. Lakini siku hiyo wakati wa kushuka walikutana na wake zao wanapanda kuokota kuni, kama kila siku, na wake zao wakawasalimia kwa adabu kubwa mno, huku wamebana midomo. Walikuwa wamejua. Sauti ile wangekosaje kuijua? Walikuwa wametoka majikoni miaka yote kuja kuisikiliza.

Asubuhi ya tatu kijiji kizima kikapanda. Wanaume, wanawake, watoto wote na vijiti vyao vya kuchezea, maana walisikia kwamba wakubwa wanacheza mchezo wao na hawaujui. Hata Bibi Namkunda akapanda, anashikiliwa huku na huku. Jumbe alikuwa hajalala. Ndevu hazikuchanwa. Akamnyang'anya Senkondo shoka.

"Leo nauliza mimi! Zimwi, umekula nini?"

"Nimekula mawingu, na tumbo bado jepesi!"

"Umelala wapi?"

"Nimelala juu ya jiwe, na mgongo umelowa!"

"Umeficha nini?"

"Njoo uone!"

"Siji!" Jumbe akapiga mguu chini. "Siji kuona! Sema ulilofundishwa! Ni maneno mawili tu! Sema..." Na kwa hasira, na kwa kukosa usingizi, na kwa kuwa alitaka jambo liishe apate kukata, akajaza kifua akapiga kelele mlima mzima ukasikia:

"NIMEFICHA MAJI!"

Kimya.

Ukungu wenyewe ulisimama. Watu wakamtazama Jumbe. Jumbe akawatazama watu. Haya, sheria ilisemaje?

— Atakayesema "Nimeficha maji," ndiye wa kupigwa!

Mtoto mmoja wa kike, mdogo, aliyeng'oka meno ya mbele, akainua kijiti chake akasema, "Amekiri!"

"Amekiri!" akasema wa pili.

"Amekiri!" wakasema wote, na vijiti juu.

Halafu mama mmoja akasema polepole, kama anayekumbuka kitu, "Na kweli ameficha. Chemchemi ya chini ilikuwa hai mpaka alipokata miti yake." Na mwingine, "Na mahindi yake yameota juu ya maji yetu." Yale yaliyokuwa hayasemwi yakasemwa yote kwa mara moja. Watoto hawakungoja. Wakamkimbiza.

Jumbe Sangiwa akakimbia. Chini kuna watu. Kulia kuna watoto. Kushoto kuna wanawake na kuni mikononi. Akaona pamebaki mahali pamoja tu pasipo na mtu, akatumbukia humo kichwa mbele. Ndani ya Irondo.

Watu wakasimama penye ukingo. Hakuna aliyemfuata. Wanaume wakangoja wasikie mifupa ikivunjika.

Huko ndani Jumbe alikimbia, akateleza, akaanguka kifudifudi. Akafumbua macho. Miti imemzunguka, mikubwa, imeota ndevu za kijani kwenye kila tawi. Na ndevu zote zinadondoka. Ukungu ulikuwa unaingia kati ya matawi, unashikwa, unakuwa matone. Tone kwenye jani. Tone kwenye jiwe. Tone kwenye shingo ya Jumbe. Mvua haikunyesha, na kila kitu kilikuwa kimelowa, na chini ya majani palikuwa na mchirizi mwembamba wa maji unatafuta njia ya kwenda ndiva.

Na juu ya jiwe ameketi msichana wa Kajiru, mzinga kando yake, mgongo umelowa kweli.

"Karibu, Jumbe," Nakijwa akasema. Akamnyooshea kibuyu kilichokuwa chini ya tawi tangu jana, kimejaa mpaka shingoni. "Kunywa. Umekimbia sana."

Jumbe akanywa. Ungefanya nini? Akanywa yote.

"Haya..." akasema. "Haya maji yanatoka wapi?"

"Yanashikwa na hiyo miti unayotaka kuikata. Ulipokata kule chini, hapakubaki cha kuushika ukungu. Unapita juu ya mahindi yako unakwenda zake. Mama yangu anajua. Wake zako wote wawili wanajua. Umewahi kuwauliza?"

Jumbe akamrudishia kibuyu. Nakijwa akamshika mkono, akamwinua, wakatoka.

Kijiji kilimwona kwanza Jumbe. Na kijiji kikaguta. Ukame wa miezi, mbingu nyeupe, vumbi hadi kwenye kope, na Jumbe Sangiwa ametoka Irondo amelowa chepechepe! Shuka limemgandia. Maji yanamtiririka kutoka ndevuni. Bibi Namkunda akawa wa kwanza kusogea. Akashika pembe ya shuka la Jumbe, shuka la heshima, akalikamua kama nguo ya kawaida. Maji yakatoka. Yakaanguka kwenye vumbi, na vumbi likayanywa. Kisha wakaja wengine, wanaume wale wale, wakalishika, wakalikamua, wakapaka uso. Wengine walilia. Jumbe alisimama tu akakamuliwa.

Halafu wakamwona aliye nyuma yake, mrefu, ana majani kwenye nywele, mzinga begani.

"Zimwi lenu ndilo hili," Nakijwa akasema, na safari hii bila mzinga, na wakamsikia mpaka wa nyuma kabisa. "Mmenipiga kwa vijiti tangu utoto kwa kosa la kuficha maji. Sikuyaficha. Msitu haukuyaficha. Tulikuwa tunayashika msiyapoteze. Senkondo!"

Senkondo akaruka.

"Shoka liko wapi?"

"Liko... Jumbe alilidondosha."

"Liokote. Ukatengeneze mpini wa jembe. Kipande cha chini kinapandwa upya, na atakayechimba shimo la kwanza ni Jumbe. Na mimi siyo zawadi ya mtu. Baba, umenisikia?"

Kajiru akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Nilipaswa kulisema mimi." Akavua shuka lake kavu akamfunika mabega.

Wakashuka wote pamoja. Walipofika ndiva, Nakijwa hakuzunguka kwa njia ya wanawake. Alipanda juu ya ukuta. Miguu yake mikubwa ile, mmoja, wa pili. Akasimama katikati, akautazama mchirizi wa maji ukiingia kwenye tope. Kila mtu akashika pumzi. Ukuta haukubomoka. Kumbe ulikuwa unawajua waliobeba mawe yake. Bibi Namkunda akapanda akamfuata, kisha mama yake, kisha mama wa kila mtu, mpaka ukuta ukajaa.

Mvua ziliporudi, Jumbe alichimba shimo la kwanza, na la pili, na mengi baada ya hapo. Miti ilichelewa, miti haina haraka. Lakini yule mtoto asiye na meno ya mbele, alipokuwa bibi, alichota maji kwenye chemchemi ya chini.

Mnaniuliza Nakijwa aliolewa na nani? Nilijua mtauliza. Ngano hii haikupitia huko. Najua tu kwamba alizaa, maana mimi hapa nimetokana naye, na hii miguu yangu mnaiona, na sauti hii mnaisikia. Nilipokuwa mtoto niliichukia miguu hii. Bibi yangu akanisimulia ninayowasimulia, na tangu hapo nimetembea nayo kifua mbele.

Na mchezo bado unachezwa Mwaniko, Shujaa na Zimwi na Binti Maji. Ila siku hizi watoto hugombana. Hakuna anayetaka kuwa Shujaa, hana la kufanya, anauliza tu. Binti Maji alitoka kwenye tenga siku nyingi, naye anajibu pamoja na Zimwi. Ugomvi ni wa nafasi ile moja, nyuma ya kichaka. Wanavutana nguo. Wanalia. "Mimi! Leo mimi! Jana ulikuwa wewe!" Mimi nimekuwa Zimwi kijiji kizima kikisikiliza, na katika maisha yangu sijapewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Haya, maharage yamekwisha? Nyungo zimejaa? Mbonea, ungo wako una maganda tu. Simama. Wewe ndiye utakayeifunga ngano. Niulize, kwa sauti, kama unaita mbuzi wa kijiji cha pili.

— Bibi, umekula nini?

Nimekula ngano, na tumbo limeshiba!

— Umelala wapi?

Nimelala mapajani mwa bibi yangu, na mgongo haukupata baridi!

— Umeficha nini?

Wote!

— NJOO UONE!

Ngano yangu imeshuka mlima. Aliyeisikia aibebe, aliyesinzia aulizie kwa jirani. Nami nimefika kwangu.